Mikono Sitini ya Kushoto

Kabla hajaumwa, karakanani walimwita Kipimo, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Mteja alikuwa hajamaliza hata kupiga hodi, yeye keshajua kiuno chake ni inchi ngapi na bega lipi limelala kuliko jingine. Futi ilikuja baadaye, kuthibitisha tu. Kuna bwana mmoja mnene aliwahi kukataa katakata kwamba kiuno chake ni arobaini na nne. Akapimwa, ikatoka arobaini na nne, akasema futi ya karakana imesinyaa. Siku hiyo mafundi walicheka mpaka cherehani zikasimama.

Sasa hakuna aliyemwita Kipimo. Tangu arudi kazini, miezi mitano iliyopita, walimwita "dada". Dada, chai yako hiyo. Dada, pole na kazi. Adabu tupu! Na hakuna kitu kilichomnyima raha kama adabu hiyo, maana karakana ile haikuwa na adabu hata kidogo. Watu walitaniana toka asubuhi mpaka jioni, juu ya waume, miguu, mikoromo na madeni. Ukisikia unaitwa dada na watu wale wale waliokuwa wakikwambia una sauti ya mlango usiotiwa mafuta, ujue kuna jambo. Ndivyo alivyojiambia, na siku hizi akishajiambia kitu, hakitoki.

Kilichomuuguza kilikuwa akili. Tuseme wazi, maana mimi nimechoka na watu wa "alikuwa hajisikii vizuri". Alikosa usingizi wiki tatu, akaanza kusikia cherehani zikimsengenya hata Jumapili, nyumbani, ambako hakuna cherehani. Mdogo wake wa kike, anayeishi naye, akamshika mkono akampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Akalazwa wiki saba, akapewa dawa, dawa zikamkubali, cherehani zikanyamaza. Madaktari walisema amepata nafuu nzuri sana.

Karakanani zilipelekwa habari za upasuaji wa tumbo. Na kwa kuwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi ilimbidi arudi kliniki, Kipimo mwenyewe akaongeza lake: daktari wa meno. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema mwenye maradhi haya afanyeje akiulizwa mbele ya watu, huku mkasi uko mkononi na chai inapoa.

Sasa, kule hospitali kulikuwa na nesi mmoja, mtu mwema kabisa, aliyewaambia wagonjwa kila asubuhi: "Kukubali ni nusu ya kupona. Anayesema si mimi, mimi mzima, huyo tutaonana naye tena." Kipimo aliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika wimbo wa shule. Nesi alimpa inchi moja, yeye akakata yadi nzima. Akawa anakubali kila kitu. Sahani ikivunjika nyumbani, ni mimi. Mlango ukikutwa wazi, ni mimi, kichwa changu hiki. Mdogo wake akimwambia, "Dada, mlango nimeuacha mimi, nilikuwa natoa takataka," yeye hutabasamu tu, akajua anafarijiwa.

Na masikio yake je? Kila fundi pale alifunga mkononi sponji ndogo ya kuchomekea pini. Sponji ya Kipimo ilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeijua. Kila mtu alipotaja wazimu, au kichaa, au uchizi, Kipimo alichomoa pini moja upande wa kushoto akaichomeka upande wa kulia. Na sisi nasi, jamani, kwa midomo yetu! Bei ya vifungo imekuwa ya wazimu. Jana imenyesha mvua ya kichaa. Huyu mtoto atanitia uchizi. Mtu akikosea akatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, ataulizwa kama amerukwa na akili. Kufikia adhuhuri pini tisa, kumi, zimehama. Waliosema wakimtazama, huo ulikuwa ushahidi kwamba wanajua. Waliosema bila kumtazama, huo ulikuwa ushahidi mkubwa zaidi.

Tena kulikuwa na suala la mkate. Saa nne wote walikunywa chai, na jirani yake, fundi mmoja waliyemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alikuwa akimega mkate wake na kumpa Kipimo ule ulaini wa ndani. Ganda analila mwenyewe. Alianza hivyo mwezi wa kwanza tu wa kurudi kwake, bila kuelezwa wala kueleza. Kipimo aliupokea, akasema asante, akaumeza kwa uchungu. Ananilisha kama mgonjwa, alijiambia. Kama mtu asiyejua kula.

Lakini alivumilia yote kwa ajili ya meza. Meza ya kukatia ilikuwa katikati ya chumba, ndefu kama kitanda cha watu watatu, na pale ndipo kichwa chake kilipotulia. Mkasi mkubwa ukishaingia kwenye kitambaa, matabaka thelathini yamepangwa moja juu ya jingine, husikii watu. Unasikia krrr, krrr, na unaona mstari wa chaki. Hapakuwa na mahali pengine duniani alipojiona mzima isipokuwa mbele ya meza ile, na meza yenyewe alikuwa nayo kwa sharti. Bosi alimwambia siku aliyorudi: "Umekaa nje muda mrefu. Nakupa nusu mwaka. Fungu moja tu likiharibika, utahamia vifungo." Mkataji kuhamishiwa vifungo ni sawa na dereva kuambiwa aoshe gari. Ilikuwa imebaki wiki tatu.

Wakataji walikuwa wawili. Mwingine alikuwa mama wa makamo waliyemwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya mafundi wa mji ule mkasi walishikishwa na yeye, Kipimo akiwamo. Mwalimu alitumia chaki ya bluu, Kipimo ya njano. Na ilikuwa sheria ya karakana, tangu enzi za baba yake Bosi, kwamba ukimaliza kukata fungu unaandika kwa chaki yako juu ya kipande cha juu: siku na idadi. Bosi mwenyewe hakuijua sheria hiyo vizuri. Alirithi karakana, hakurithi ufundi. Alijua wateja na simu.

Ijumaa hiyo, chai ndiyo kwanza imekwisha, Redio alisimama kwenye cherehani yake ameinua vipande viwili vya kitambaa cha kijivu.

"Nyie! Mbona mikono yote ya kushoto?"

Wasiojua ushonaji watasema, mkono wa shati si mkono tu? La. Mkono wa shati una mbele na nyuma, na mbele huchimbwa zaidi ili bega lipumue. Mkataji huweka kadi yake ya boksi juu ya kitambaa, anachora, anakata mikono thelathini ya kushoto. Halafu anaigeuza kadi kichwa chini mgongo juu, anakata thelathini ya kulia. Akisahau kuigeuza, atapata sitini ya kushoto, na mashati thelathini ya mkono mmoja. Hilo ndilo lililotokea. Mashati yenyewe yalikuwa ya shule, ya kuchukuliwa Jumatatu, na jora la kijivu lilikuwa limekwisha mpaka mwezi ujao.

Bosi alitoka ofisini na simu mkononi. Akatazama fungu, akageuza kipande, akakirudisha. "Nani kakata?"

Hapo ndipo Kipimo alipokosea, na kosa lake si lile unalodhani. Lile fungu lilikuwa mbele yake, hatua mbili, na yeye hakulitazama hata kidogo. Alitazama nyuso. Alimwona Redio akimtupia jicho Mwalimu. Alimwona Mwalimu ameinamisha kichwa, anakunja futi yake. Akaona watu wawili kwenye cherehani za nyuma wakitazamana. Alhamisi, yaani jana yake, naye alikuwa amekata fungu la mikono ya kijivu. Tena alikuwa ameikata akiwaza jinsi Redio alivyocheka mlangoni asubuhi ile, na kama alikuwa akimcheka yeye. Sasa wote wanajua, wanamhurumia, hakuna anayetaka kumtaja mgonjwa.

"Ni mimi," akasema.

Redio alifungua mdomo akaufunga bila kutoa neno, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale.

"Una hakika?" Bosi akauliza.

"Jana nilikata mikono. Kichwa changu, Bosi... siku hizi."

"Jana?" Redio akaanza. "Lakini hii si ya—"

Mwalimu akakohoa. Redio akamtazama Mwalimu, akamtazama Kipimo, halafu macho yakamlegea, akakaa.

"Basi," Bosi akasema, na haki yake tumpe, hakufurahi. "Tulikubaliana. Kesho utaanza vifungo. Hiyo mikono ya ziada muikate mifuko, angalau kitambaa kisipotee bure."

Mchana kutwa walimtazama. Kila alipoinua kichwa, mtu alikuwa akimtazama, kisha anainama haraka. Redio alimletea maji bila kuombwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa hajazungumza naye tangu arudi alipita nyuma yake akamgusa bega. Kipimo alitaka kuingia chini ya meza. Wananiaga, alijiambia.

Jumamosi alikaa kwenye meza ya vifungo, kwenye pembe isiyo na dirisha, pamoja na mshona vifungo, mama mpole asiyesema zaidi ya "nipe uzi" na "shika uzi". Walimwekea mikono ya kijivu na mkasi mdogo. Pembeni pale hapakuwa na nyuso za kutazama. Palikuwa na kitambaa tu. Akafungua fungu, na juu ya kipande cha kwanza, kwa chaki ya bluu, paliandikwa: Jtano 60.

Akakiinua karibu na macho.

Wewe na mimi tungesema papo hapo, chaki ya bluu ni ya Mwalimu, mwisho wa maneno. Kipimo hakufika huko. Wazo lake la kwanza lilikuwa: nimechukua lini chaki ya Mwalimu? Akapekua mfuko wa aproni, akatoa chaki yake ya njano, akaigeuzageuza. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Nimekata Alhamisi, nikaandika Jumatano. Mkono wake unaandika mambo ambayo yeye hayajui. Basi imerudi. Miezi mitano ya dawa, na imerudi kimyakimya, haikuanzia masikioni safari hii bali mkononi. Akakikunja kipande kile akakitia ndani ya mkoba wake, kama mwizi.

"Nipe uzi," mshona vifungo akasema.

Alimpa mkasi.

Jumapili mdogo wake alikuwa akifua uani, na Kipimo akaja akasimama mlangoni kwa muda, anatafuta pa kuanzia.

"Mdogo wangu. Jumatano nilifanya nini?"

"Jumatano ipi?"

"Hii iliyopita."

Mdogo wake akakamua shuka. "Si tulikuwa kliniki? Tumekaa kutwa kwenye lile benchi lenye msumari, ukachana sketi. Sketi yenyewe hiyo hapo kwenye kamba."

Kipimo akaitazama sketi. Ilikuwa imeshonwa nyuma kwa uzi usiolingana rangi, kwa haraka, kwa mkono wake mwenyewe.

"Kutwa nzima?"

"Kwa foleni ile! Tumetoka saa kumi, njaa inauma. Kwani vipi, dada?"

Akaingia chumbani, akavuta kopo la biskuti analowekea nyuzi, na chini ya nyuzi akatoa kadi ya kliniki. Kadi hiyo alikuwa hajawahi kuitazama vizuri. Huitoa imekunjwa, huipokea imekunjwa, huirudisha chini ya nyuzi upesi. Sasa akaikunjua. Jina la hospitali juu, herufi kubwa kupita haja, kana kwamba kuna mtu angeweza kusahau. Chini yake muhuri wa Jumatano, tarehe inasomeka. Akaweka kadi kitandani, akaweka kipande cha kijivu kando yake. Jumatano na Jumatano.

"Si mimi," akasema, kwa sauti.

Akageuka kuona kama kuna aliyemsikia, maana neno lenyewe lilimtoka kama tusi. Anayesema si mimi, huyo tutaonana naye tena. Sasa afanyeje? Akikubali, anakubali uongo. Akikataa, wagonjwa wote wodini walikataa hivyo hivyo, kwa uhakika ule ule. Kulikuwa na mmoja aliyekataa kwamba mvua inanyesha huku imemlowesha. Kipimo alikaa kitandani mpaka jua likahama dirishani, akihesabu ushahidi upande huu na upande ule, na kila alipofika mwisho alianza upya.

Mdogo wake akachungulia. "Dada? Umemeza dawa?"

"Nimemeza! Na si mimi!"

"Si wewe nini?"

"Mikono!"

Mdogo wake alimtazama mikono, zamu kwa zamu, akaenda kuchemsha chai.

Jumatatu Kipimo alifika mapema. Mwalimu alikuwapo peke yake, anafuta meza ya kukatia kwa kitambaa kikavu, na pale alipokuwa anafuta palikuwa pameshafutwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona alfajiri?"

Kipimo alitoa kipande cha kijivu akakitandaza mezani, maandishi juu. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimkimbia. "Jumatano sikuwepo," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa hospitali. Siyo ya meno."

"Najua pia. Mdogo wako aliniambia tangu siku ya kwanza, nikakaa nalo. Hawa wengine niliwaambia wasikutanie, umetoka kwenye kisu, wakikuchekesha mshono utafumuka."

Kipimo akashika ukingo wa meza. Kumbe hiyo ndiyo dada. Miezi mitano yote ikamgeuka ndani nje kama mfuko wa suruali, na hakujua acheke au alie.

"Sikiliza," Mwalimu akasema. "Leo namwambia Bosi. Jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka jana. Kadi naiona, upande wake siuoni. Nilikaa kimya Ijumaa kwa sababu naogopa vifungo kuliko ninavyoogopa kufa, Mungu anisamehe. Lakini uliponisitiri mbele ya watu, sikulala. Nimesema, huyu mtoto nilimfundisha mkasi, yeye ananifundisha utu."

"Sikukusitiri, Mwalimu."

"Usijishushe, mwanangu."

"Sikukusitiri. Nilidhani ni mimi."

"Ulidhani vipi? Hukuwepo!"

"Sijui."

"Na chaki ya bluu? Iko juu pale, hata mimi nisiyeona nimeiona!"

"Sikuitazama. Nilikuwa nawatazama nyie."

Mwalimu alivuta kiti akakaa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Siku tatu nzima alikuwa amebeba zawadi aliyopewa, kumbe hakupewa zawadi. Alikuwa amemwacha mtoto wake mwenyewe azame, huku akimsifu kwa kuogelea. "Mwanangu," akasema, akarudia, "mwanangu."

Mlango ukafunguliwa, mafundi wakaanza kuingia, na nyuma yao Bosi, mapema kuliko kawaida yake kwa sababu watu wa shule walikuwa wanakuja. Mwalimu hakungoja hata Bosi aweke mkoba chini. Akasimama, akasema mbele ya wote: mikono ni yangu, chaki ni yangu, jicho ni langu, huyu hana kosa.

Bosi akamtazama Mwalimu, akamtazama Kipimo. "Sasa mbona alisema ni yeye?"

Redio hakuweza kujizuia tena, siku tatu zilikuwa nyingi kwake. "Bosi, sisi sote tulijua! Jumatano hata hakuwepo kazini! Alikuwa anamsitiri Mwalimu wake. Mtu anajitoa meza yake kwa ajili ya aliyemfundisha! Nyumbani kwangu nimewasimulia, mume wangu kanyamaza kabisa, na yule huwa hanyamazi."

"Kwani unampa nafasi?" mtu akauliza, na kicheko kidogo kikapita.

Kipimo akatazama nyuso. Zile zile za Ijumaa. Mdomo ule ule wa Redio, macho yale yale ya waliokaa nyuma. Alikuwa amezisoma zote, moja moja, na zote amezisoma kinyume.

"Ni kweli?" Bosi akamwuliza. "Ulikuwa unamsitiri?"

Ungefanyaje wewe? Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Au kuinamisha kichwa kidogo, kwa haya. Mwalimu alikuwa ameangalia sakafu, asingemsaliti hata kwa kukohoa. Meza angeirudishiwa, na heshima juu yake, na wajukuu wa Redio wangesimuliwa habari zake. Tena ilikuwa tamu. Kipimo aliionja ile sifa, akaona jinsi inavyomkaa vizuri mabegani, na hapo hapo akajua, kwa jicho lile lake la zamani, kwamba haikukatwa kwa mwili wake. Ubaya usio wake alikwishauvaa Ijumaa. Leo wanamvisha na wema usio wake.

"Si kweli," akasema.

Akafungua mkoba. Kadi ikaanguka, akaiokota, akaikunjua juu ya meza ya kukatia pale pale palipofutwa.

"Jumatano nilikuwa hapa."

Bosi akainama. Midomo yake ilicheza alipokuwa anasoma jina la hospitali. "Hii si ile hospitali ya..."

"Ndiyo. Hiyo. Sikupasuliwa tumbo, nililazwa pale wiki saba. Na Ijumaa sikumsitiri mtu. Nilidhani ni mimi kweli. Kitu kikiharibika popote, mimi nadhani ni mimi."

Mshona vifungo alivuta kiti chake nyuma, kikakwaruza sakafu. Labda alikuwa anajitenga, labda alikuwa anataka kuona vizuri. Kipimo hakujua, na mimi pia sijui. Bosi aliishika kadi kwa ncha za vidole. Huenda ni woga, huenda aliogopa kuichafua.

"Sasa," Bosi akasema mwishowe, na alionekana mtu aliyepotea kwenye karakana yake mwenyewe, "unakata au hukati?"

"Nakata."

"Haya. Kata. Mwalimu ataandamana na mtu kwenda kupimwa macho, na mpaka apimwe, kadi za boksi anageuza huyu." Akairudisha kadi, akasogea hatua mbili, akarudi. "Hapo nyuma wameandika tarehe ya mwezi ujao. Unitajie mapema, siku hiyo nisichukue kazi ya haraka." Akaingia ofisini kuwabembeleza watu wa shule.

Na ni Redio tena, nani mwingine, aliyekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Subiri kwanza. Subiri. Kwa hiyo meno yako ni mazima?"

"Mazima."

"Yote?"

"Yote."

"Ewe! Miezi mitano natafuna maganda mimi! Ulaini wote nakupa wewe, nasema maskini, wanamng'oa huyu, kila mwezi wanamng'oa! Taya zinaniuma mpaka sikioni! We Kipimo we, una wazimu?"

Neno likatoka. Redio akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakamtoka. Mwalimu akashika kichwa. Chumba kizima kikasimama, na safari hii Kipimo hakuwa na haja ya kubuni, walikuwa wanamtazama yeye kweli.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sponji, ukaigusa pini, ukasahau umefuata nini.

"Ninao," akasema. "Si umeiona kadi?"

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Mwalimu ndiye aliyeanza, kicheko chembamba kilichochanganyika na machozi, halafu wengine, wachache kwanza. Redio alicheka huku bado ameziba mdomo. Mshona vifungo hakucheka, lakini alikirudisha kiti chake.

Saa nne mkate ulipokuja, Redio alimega kama kawaida, kisha akasita katikati, ulaini mkono huu na ganda mkono huu, hajui ampe kipi. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Kipimo hakumtazama usoni. Aliutazama mkate.

"Nipe ganda," akasema, akanyoosha mkono.